Gunia Moja Kati ya Manane

Faida wangu,

Baba yako ameshakuandikia orodha ya ukurasa mzima: chandarua, sabuni, komeo la mlango, namna ya kuchemsha maji, na onyo la kutoazima sufuria ya mtu. Ameikunja na kuiweka ndani ya kiatu chako cha kushoto, eti huko huwezi kuisahau. Mwache, ndiyo namna yake ya kulia. Mimi hayo yote sitayagusa. Saa hizi ni alasiri, wewe umekwenda kuaga kijiji kizima na najua hutarudi mpaka wamalize kukulisha. Nimekaa kwenye kigoda nje ya jiko, daftari liko kwenye mapaja, na kuku mmoja anataka kusoma ninachoandika.

Nina jambo moja la kukuambia, nami ni mwoga wa kulisema kwa mdomo. Wewe unanijua. Mama yako anaweza kugombana na mwenyekiti wa zone yetu hapa kambini mbele ya watu mia, lakini mbele ya mtoto wake ulimi unakuwa mzito. Basi nitaliandika, na nitalifikia polepole, maana lina historia.

Ulipotuambia kwamba Mbarara unakwenda kusoma takwimu, baba yako aliuliza kama ni ugonjwa. Mimi usiku ule furaha ilininyima usingizi. Unajua nilisoma hesabu miaka miwili Bukavu kabla hujazaliwa. Nimekuambia habari za bweni na chakula kibaya, lakini nadhani sijakuambia kitu nilichokipenda kuliko vyote. Tulikuwa na mwalimu mmoja mfupi, mwenye koti lililomzidi, na asubuhi moja aliandika ubaoni kile walichokiita *famille exponentielle*, familia ya kipeo. Alisema hivi: kuna namna nyingi za bahati kujipanga duniani. Kuna ile ya ndiyo au hapana, mbegu imeota au haikuota. Kuna ile ya kuhesabu, wateja wangapi wamefika saa hii. Kuna ile ya kungoja, muda gani mpaka gari lije. Kuna ile ya uzito wa watoto wanaozaliwa, wengi katikati, wachache pembeni. Kwa nje hazifanani hata kidogo. Kisha akaanza kuziandika moja moja, akizipanga upya, akihamisha herufi huku na kule, na zote zikaingia katika umbo lile lile moja la kanuni, namba moja chini na kipeo kimepanda juu yake kama mnara. Darasa zima lilinakili. Mimi nilicheka kwa sauti, nikatolewa nje.

Lakini nilisikilizia dirishani, na sehemu iliyofuata ndiyo iliyoniteka. Alisema kila mmoja wa familia hiyo ana zawadi: huna haja ya kubeba kila ulichokiona. Ukitaka kujua ile namba iliyojificha, yaani mbegu huota kwa kiwango gani au wateja huja kwa kasi gani, jumla inatosha. Andika mara elfu, kisha jumlisha, weka jumla na idadi, chana karatasi nyingine zote. Hujapoteza chochote kuhusu ile namba. Nilidhani ni uchawi, na mpaka leo sijabadili mawazo.

Nilifanya jaribio langu Uvira, kwenye kinu cha unga cha shangazi yangu. Kila saa nilihesabu wateja walioingia, nikaandika kwenye daftari. Saa mia mbili, Faida, nikiwa na mimba yako, nikikaa kwenye gunia la pumba. Vita vilipotufikia mwaka wa tisini na sita wewe ulikuwa mgongoni, umeanza tu kutembea na unalia sana, na tulipofika mahali pa kupunguza mizigo nililitazama lile daftari. Nikasoma namba mbili, watu elfu moja na mia nne, saa mia mbili, nikaliacha chini ya jiwe. Baba yako alidhani nimechanganyikiwa kwa sababu nilikuwa natabasamu. Nilikuwa nawaza kwamba yule mwalimu mfupi alisema kweli, mtu anaweza kukimbia na namba mbili tu na asiwe ameacha kitu.

Sasa nimekwisha kukuonyesha jinsi nilivyokuwa na kichwa kikubwa. Twende Juru, hapa hapa kambini Nakivale, tulikoishia baada ya mbio zile.

Ulikuwa na miaka kumi na minne ule msimu wa maharage ya Haji. Najua unaukumbuka. Kikundi chetu cha akina mama kilikuwa na nyumba kumi na sita, na Haji, yule mfanyabiashara wa Mbarara mwenye ndevu nyeupe na utani mwingi, alituletea magunia manane ya mbegu. Gunia moja kwa nyumba mbili. Na unaijua sheria yetu: gunia hushonwa mdomo kwa uzi mwekundu mbele ya wote, na halifunguliwi mpaka siku ya kugawana, na hufunguliwa na wenye nyumba zao mbili tu. Sheria ile tuliiweka kwa sababu miaka ya mwanzo kila mtu alidhani mwenzake amechota. Uzi mwekundu ulituletea amani kuliko mahubiri yote ya Jumapili.

Mama Riziki, kiongozi wetu, akasema mbegu zipimwe kwanza. Wote wakageuka kunitazama.

"Mwalimu," akasema, maana hivyo ndivyo walivyoniita, "weye ulisomaka. Tupimie, utuambie kama iyi mbegu itaota."

Ah, mwanangu! Ungenikata damu isingetoka, ingetoka fahari tupu. Nikachukua kaa nikaandika kwenye ubao wa mlango, watu wakiangalia. Nilisema: tunadhani mbegu nzuri huota tisa katika kumi. Tunakubali kukosea kwa moja ya kumi, huku au kule. Basi mbili mara mbili, mara tisa ya kumi, mara moja ya kumi, gawanya kwa moja ya kumi iliyozidishwa kwa yenyewe. Thelathini na sita. "Nitatia na nne za ukarimu," nikasema, "arobaini." Wakapiga makofi. Hakuna aliyeelewa, na mimi nililifurahia jambo hilo, na hilo ni kosa langu la kwanza ingawa si kubwa.

Hesabu ile ilikuwa sahihi, hata ukiiangalia leo. Shida ni kwamba ili kupata mbegu arobaini nilihitaji gunia lililo wazi, na lililo wazi lilikuwa moja tu, la kwetu na la jirani yetu, kwa sababu nilikuwa nimeomba ruhusa ya kufungua la kwangu. Kuomba nyumba nyingine kumi na nne wakate uzi mwekundu kabla ya siku yake? Wangesema Mwalimu anatafuta kuchota. Niliona haya. Kwa hiyo nikatoa arobaini zote gunia moja, nikazifunga kwenye kipande cha kitenge kilicholowa, nikaziweka karibu na jiko, siku ya sita nikafungua. Zilikuwa zimeota thelathini na saba. Nikasimama mbele ya kikundi nikatangaza: thelathini na saba kwa arobaini, mbegu ni nzuri, pandeni zote. Jumla inatosha. Nilikuwa nimesahau kwamba mwalimu wangu alisema pia neno moja dogo kabla ya hilo: inatosha *kama* vyote ulivyohesabu vimetoka kwenye bahati moja. Mbegu za gunia langu zilikuwa za bahati moja. Za magunia mengine nilikuwa sijazigusa hata kwa kidole.

Mvua ikaja vizuri. Shamba letu likaota likajaa, unakumbuka jinsi baba yako alivyokuwa analitembelea kama mgonjwa. Na mashamba sita hayakuota. Siyo kwamba yaliota kidogo hapa na pale. Sita yalikuwa na upara, na kumi yalikuwa ya kijani. La Mama Riziki lilikuwa kati ya yale sita. Sita ni magunia matatu, Faida. Mtu yeyote anayejua kugawa kwa mbili angeona. Mimi niliona siku ile ile nilipopita njiani na jembe, nikakaa kwenye kichuguu.

Kikundi kikakutana. Haji akaitwa, akaja na pikipiki kutoka Mbarara akidhani anakuja kushukuriwa. Mama mmoja akasimama akasema kwamba Mwalimu alipima na mbegu zilikuwa nzuri, kwa hiyo huyu alibadilisha magunia matatu baada ya kupimwa. Uzi mwekundu? Alishona upya, mwizi haishiwi na uzi.

"Banyabo, mama zangu," Haji akasema, na utani wote ulikuwa umemtoka, "mimi hapana mwizi. Mimi nalileta maharagwe kama nilinunua. Mungu anajua."

"Mwalimu alipimaka!" wakajibu. "Ao Mwalimu ni mwongo?"

Wote wakanitazama tena, kama siku ya kaa na ubao. Na hapo, kutoka nyuma, kwenye mkeka wa wasichana, wewe ukasimama. Miaka kumi na minne, kitambaa cha njano kichwani, sauti safi kabisa. Ukasema:

"Mama, zile mbegu makumi ine, ulizitosha mu magunia ngapi?"

Nilizitoa katika magunia mangapi, ndivyo ulivyouliza, na hukuuliza kwa ubaya. Ulikuwa unataka kujua tu, na katika watu wote waliokuwa pale wewe peke yako ndiye uliyeuliza swali lililostahili. Na mimi mama yako, niliyetolewa darasani kwa kucheka, nilikuambia:

"Nyamaza! Unauliza bakubwa nini? Enda kuteka mayi."

Ukaenda. Ndoo ilikuwa imejaa nyumbani, ulijua, mimi pia nilijua. Haji akapanda pikipiki yake na hakurudi tena Juru. Tangu hapo mbegu tumezifuata wenyewe sokoni Rwekubo, kwa miguu na kwa baiskeli, miaka mitano. Na wewe miaka mitano hujauliza swali mbele ya watu. Nilijidanganya kwamba umekuwa mpole kwa sababu ya umri. Watu walinisifia: binti yako ana adabu. Nilizipokea sifa hizo, Mungu anisamehe.

Unataka kujua niliishije na jambo hilo? Vizuri tu, hiyo ndiyo aibu yake. Mtu anaweza kuishi na kosa kama anavyoishi na jirani mkorofi, anajifunza saa zake za kutoka. Mwaka uliofuata tulialikwa harusi Bwizibwera, na asubuhi nikatoka kutembea, nikafika pale maziwa yanapokusanywa. Wafugaji wamepanga makopo yao mstari mrefu, na mama mmoja mnene mwenye koti jeupe anachota kidogo katika kila kopo, anapima, ndipo linamiminwa kwenye tangi. Makopo yalikuwa mengi na foleni inalalamika. Nikamuuliza kwa nini asingoje yamiminwe yote, apime mara moja tu kwenye tangi.

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu huvaa nguo. "Nyabo, kama ishachanganyika, utajua gani iko mbaya namna gani? Na ukipima kopo moja peke yake, hizo ingine zilikuambia nini?"

Hakuwa amesoma Bukavu. Nilirudi harusini nikala pilau bila kuisikia ladha. Kama ningetoa mbegu tano katika kila gunia zingekuwa arobaini zile zile, kitenge kile kile, siku sita zile zile. Tano ni chache kukuambia gunia linaota kwa kiwango gani hasa, lakini gunia lililokufa lingejionyesha lenyewe. Kazi isingeongezeka ila kuona haya mara saba. Watakufundisha huko kwamba ukitaka shaka ipungue nusu, idadi lazima iwe mara nne, na utaona watu wakigombana kama wachukue mia au mia nne. Ugombane nao, ni raha. Ila kabla hawajafika kwenye idadi, waulize wametoa wapi. Ningechukua hata mbegu elfu moja katika gunia langu, ningepata jibu zuri mno kuhusu gunia langu.

Na hata baada ya Bwizibwera sikukiri kosa langu. Nilirudi nyumbani nikakukaripia wewe kwa uvivu wa kufagia.

Kilichonishinda ni mwezi uliopita, kanisani, walipokuombea safari. Mchungaji alikuambia, "Faida, sema neno, ao uulize, leo ni siku yako." Watu wote walikuwa wanakuchekea kwa upendo. Ukafungua mdomo, na kabla hujasema ukageuka ukanitazama mimi. Ulikuwa unaomba ruhusa. Miaka kumi na tisa, umefaulu kuliko wavulana wote wa settlement nzima ya Nakivale, unakwenda kusomea kazi ambayo ni kuuliza tu, na unamwomba mama yako ruhusa kwa macho. Kisha ukasema asante, ukakaa. Niliumia, Faida. Niliumia kuliko siku ya kichuguu.

Ndiyo maana wiki iliyopita nilisema nakwenda Mbarara kununua viatu vyako. Viatu nilinunua, vizuri, vitakubana kidogo. Lakini kwanza nilikwenda mtaa wa maduka ya nafaka nikauliza Haji yuko wapi. Nilimkuta ameketi juu ya mizani yake anakunywa chai, amezeeka. Alinijua mara moja. Akasimama, mikono juu, "Nyabo, leo sijauza kitu kwa Nakivale, niache!" Nikacheka na kulia kwa wakati mmoja, nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Gunia moja. Uzi. Swali lako. Ndoo iliyokuwa imejaa.

Akakaa tena juu ya mizani, mshale ukaruka.

"Mama," akasema, "sasa mimi nitafanya nini? Maana mimi nilirudi hapa, nikasema nani aliniuzia mbaya? Nikafikiri ni yule mzee wa Bwizibwera, alikuwa na maharagwe kidogo ya rangi ingine. Nikamfukuza. Nikamwita mwizi mbele ya watu. Na mimi pia sikupima kitu!"

Tulitazamana, wazee wawili wapumbavu. Akaanza kucheka yeye kwanza. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, akaniletea chai, na juzi nimesikia kwamba amekwenda Bwizibwera na mfuko wa sukari kumwomba mzee yule radhi. Sikujua kwamba "nyamaza" moja inaweza kusafiri mbali hivyo.

Alhamisi nikasimama mbele ya kikundi. Wewe ulikuwa umekwenda kwa shangazi yako, na nilichagua siku hiyo makusudi, bado ni mwoga. Nilipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Mama Riziki aliinuka taratibu, mikono kiunoni.

"Miaka tano, Mwalimu! Miaka tano tunaendaka Rwekubo na miguu, magoti inatuuma, juu ya kinywa yako!"

"Ni kweli," nikasema.

"Na mtoto ulimufukuza."

"Ni kweli."

Akanitazama sana, nikadhani atanipiga. Kisha akatoa hukumu: msimu huu Haji arudi, na magunia yote manane yatafunguliwa na Mwalimu, mbele ya watu, zitolewe mbegu kumi na tano katika kila moja, na Mwalimu huyo huyo atayashona yote tena kwa mkono wake. "Na ushone vizuri," akasema, "tutakagua." Ndipo wakacheka, na mmoja akaniuliza kwa nini kumi na tano na siyo ishirini, mwingine akauliza kwa nini siyo kumi, na tulikaa pale mpaka jua likaingia, wanawake kumi na sita wakibishana juu ya idadi ya mbegu. Sikuandika kitu ubaoni. Nilijibu tu, na waliponishinda nilisema nimeshindwa.

Kwa hiyo mambo ya Haji na ya kikundi yamenyooka, au yananyooka. Yaliyobaki ni yako. Niliwaomba radhi watu wote kabla yako kwa sababu wewe ndiye uliye mgumu kwangu. Nisamehe, mwanangu. Siku ile ulikuwa sahihi na mimi nilikuwa mwongo, na nilikuadhibu kwa kuwa sahihi. Huhitaji ruhusa yangu, hukuihitaji hata siku ile, wala ya mwalimu yeyote mwenye koti kubwa au dogo utakayemkuta huko.

Naomba kitu kimoja. Kesho asubuhi tutakusindikiza mpaka Rwekubo, na unajua watakaokuja: kikundi kizima, kwaya, baba yako na hotuba yake. Wakati mizigo inapandishwa na kila mtu ananisikia, niulize swali. Lolote, hata la kunifedhehesha, hata kwa nini nimenunua viatu vidogo. Uliza kwa sauti ile safi, usinitazame kwanza.

Nitajibu.

Mama yako